Mnaenda kwa Nani?

Kwa miaka kumi na tisa nimesimama mbele ya watoto wa Manyamanyama nikiwaambia kwamba kisiwa ni nchi kavu iliyozungukwa na maji pande zote. Nimelisema hilo kwa sauti ya mtu aliyekizunguka mwenyewe, akahakikisha hakuna upande uliosahaulika. Kisha siku moja mtoto wa Kidato cha Pili, wa dawati la nyuma, kule yanakozaliwa maswali yote ya kumtoa mwalimu jasho, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, wewe umefika kisiwa gani?"

Nikamwambia hilo halimo kwenye mtihani. Darasa likaangua kicheko. Nikageukia ubao, nikachora kisiwa kikubwa kuliko mahitaji ya somo.

Ukweli ni kwamba sikuwa nimekanyaga hata kimoja, na kisingizio sina. Manyamanyama ni kata ya mji wa Bunda. Upande mmoja tuna Ziwa Victoria, upande mwingine tuna Serengeti. Watalii tunawaona wakipita barabara kuu kwenda lango la Ndabaka, vioo vimefungwa, kofia kubwa vichwani. Tembo nao hutoka hifadhini wakaja mashambani mwetu kutembea, tena bila kulipa kiingilio. Kwa hiyo huku wazungu wanatalii na wanyama wanatalii. Wenyeji tumebaki kuwa mandhari. Isitoshe, mimi sijui kuogelea. Maji mengi niliyowahi kuingia ni ya beseni.

Aliyeanzisha balaa ni shemeji yangu, mdogo wake Baba Watoto, anayeuza simu na vocha Bunda mjini. Jumapili moja alikuja kula, akanitegea simu mbele ya sahani.

"Shem, tazama watu wanavyoishi."

Ilikuwa video ya Karibiani. Meli nyeupe kama hospitali mpya, watu wamevaa nguo ambazo kwetu zingekaguliwa na wazee wa kanisa. Shemeji akasoma sifa zake kana kwamba anaiuza yeye: inaitwa Icon of the Seas, ilianza safari Januari 2024, inabeba hadi abiria 7,600, ina mabwawa saba ya kuogelea.

"Wako baharini tayari," Baba Watoto akauliza, "halafu wamebeba na maji?"

"Kaka, hiyo ndiyo raha. Leo wanashuka kisiwa hiki, wanazunguka, jioni wanapanda meli. Kesho asubuhi wanaamkia kisiwa kingine."

Hapo ndipo nilipofanya kosa la walimu wote: nikaleta atlasi. Nikawaonyesha kwamba Barbados nzima ni kilomita za mraba 430. St. Kitts na Nevis, visiwa viwili vinavyofanya nchi moja, vikijumlishwa ni 261, na mkono wa bahari unaovitenga una upana wa kilomita kama 3 tu. Sasa Ukerewe yetu, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Victoria, ni kilomita za mraba kama 530, na wilaya yake ina visiwa 38. Maana yake Barbados, pamoja na bendera yake, Bunge lake na Rais wake, ingewekwa juu ya Ukerewe na bado pangebaki pa kulima muhogo.

Shemeji alisimama, kijiko mkononi.

"Kumbe Karibiani tunayo. Tumeikosea jina tu!"

Kesho yake alileta ratiba, imechapwa kwa kompyuta, ina mistari na rangi. Saa 12:00 asubuhi kuondoka Manyamanyama. Saa 2:30 Kisorya, kuvuka. Saa 4:00 Nansio, kupiga picha. Saa 6:00 Bugolora, kuvuka kwenda Ukara kuona lile jiwe linalocheza. Saa 9:00 kurudi. Chini kabisa, kwa wino mwekundu: "Irugwa, muda ukiruhusu." Saa 1:30 usiku tungekuwa nyumbani tunakula chakula cha jioni. Visiwa vitatu, siku moja.

Baba Watoto ni fundi seremala. Aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole kama anayepima ubao, akafumba jicho moja.

"Imepigwa randa kupita kiasi," akasema. "Haina hata pa kukojoa."

*

Safari ya watu wanne ikawa ya watano kabla hatujatoka. Shangazi yangu aliposikia, alifika Ijumaa jioni kutoka Majita, kitenge kiunoni na kuku jike kwapani. Amezaliwa ufukweni, amekulia mwaloni, na mambo ya ziwa hatuwezi kumfundisha.

"Shangazi, kuku wa nini? Tunaenda kutembea tu."

"Kutembea kwa nani?"

"Si kwa mtu. Tunaenda kuona visiwa."

Alinitazama kwa huruma, kama vile ninavyomtazama mtoto aliyeandika kwamba mto Mara unaanzia Dar es Salaam.

"Mwanangu, hakuna mtu anayevuka maji bila kwenda kwa mtu. Kuku anakwenda."

Habari zilishaenea mtaani. Alfajiri jirani aligonga mlango akiwa na mfuko wa ulezi: kwa kuwa tunakwenda Ukerewe, basi tumpelekee dada yake Nansio. Anwani ilikuwa hii: "Mkifika ulizeni mama wa maandazi, karibu na mwembe." Mzee wa nyumba ya pili akaleta redio ya mbao iliyokufa, kuna fundi anamwamini huko. Mwingine hakuwa na mzigo, akatupa salamu za watu sita, kwa majina na ukoo, nikazirudia mara mbili mbele yake mpaka aliporidhika kwamba nimehifadhi.

Abiria wa meli ile ya shemeji hupanda na sanduku lake. Sisi tulipanda mchomoko tukiwa posta.

Na mchomoko, kwa wasioujua, ni gari dogo lililotengenezwa kwa ajili ya watu watano, ambalo huku kwetu haliondoki mpaka watu watano hao wawe na wengine wa kuwakalia. Dereva alitupanga kwa ustadi wa mtu anayepanga mkaa kwenye gunia. "Mama sogea mbele, mzee rudi nyuma, dogo mpakate dada." Binti yangu wa miaka tisa alimpakata kuku. Redio ilimpakata shemeji. Saa 12:00 ya ratiba ilitukuta hapo, saa 1:00 ikatupita hapo hapo, na saa 2:00 kasoro tukaanza kwenda, tukapita Bulamba, tukapita Kibara, kila kituo mtu mmoja anashuka na wawili wanapanda. Namba hiyo haitoki hata ukiwapa watu wa Hisabati.

*

Kisorya tulifika kivuko kikiwa kimeshaondoka, kiko katikati ya maji, kinatuonyesha mgongo. Hilo si kosa la mtu yeyote ila letu na la mchomoko. Tukakaa kibandani, tukaagiza chai na sato wa kukaanga. Sato alikuja mzima, mkia nje ya sahani, ila chumvi ya mezani ilikuwa imeisha. Mama muuza akachota kiganjani kutoka jikoni, akauliza kama kuna kikaratasi. Shangazi akachomoa karatasi iliyokuwa karibu. Chumvi ikafungwa, pilipili ikaongezwa, na shemeji alipogutuka, saa 2:30 mpaka saa 6:00 zilikuwa zimeshalowa mafuta ya samaki.

"Shangazi! Hiyo ni ratiba!"

"Nzuri," Shangazi akasema. "Imeshika chumvi vizuri."

Mzee mmoja aliyekuwa amekaa na baiskeli yake alitusalimu, akamtazama kuku, akamtazama mtoto na wakubwa, kisha akauliza swali ambalo lingetufuata siku nzima kama deni.

"Mnaenda kwa nani?"

"Tunatalii, mzee wangu," shemeji akajibu kwa furaha.

Mzee akageuka kuangalia nyuma yetu. Nadhani alikuwa anawatafuta wazungu wetu. Alipowakosa, akaturudia, na safari hii sauti yake ilikuwa ya upole kuliko mwanzo.

"Poleni sana. Nani amefariki?"

Tukamweleza tena. Akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayeheshimu faragha ya wafiwa. Kwa kweli, ukitutazama kwa macho ya haki, tulifanana na msiba: mama mtu mzima wa kitenge, kuku, mfuko wa ulezi, mwanamume mmoja mkimya, na kijana mmoja anayeongea sana, kwa sababu kila msiba huwa naye.

Kivuko kilirudi. Yaliingia malori, pikipiki, magodoro, kreti za soda, mbuzi watatu wasio na tiketi, na bibi harusi mtarajiwa akiwa na kabati lake. Mimi nilikaa karibu na jaketi za kuokolea, nikazihesabu, nikahesabu watu, nikahesabu tena jaketi. Ili nisionekane naogopa, nikaanza kumfundisha binti yangu. Nikamwambia kwamba ziwa hili lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, kwamba kwa ukubwa wa uso wake hakuna ziwa la maji baridi linalolizidi duniani isipokuwa Superior la Marekani na Kanada, na kwamba upande wetu wa kusini ni Ghuba ya Speke, iliyopewa jina la Mwingereza aliyefika ziwani mwaka 1858 akalibatiza jina la malkia wake.

"Mama," binti yangu akaniuliza, "kabla hajaja lilikuwa haliitwi?"

"Liliitwa," Shangazi akadakia, "ila hakuuliza."

Shemeji alikuwa amesimama mbele kabisa, mkono mmoja umekunjuliwa, mwingine umeshika simu, anajirekodi: "Wapendwa, karibuni Karibiani ya Kanda ya Ziwa!" Upepo ukaingia kwenye kofia yake, kofia ikaruka, ikatua majini taratibu, ikaelea kuelekea Mwanza. Video hiyo ipo. Inamwonyesha mtu akikaribisha wageni kwa tabasamu, kisha akilia "Kofia yangu!" na nyuma yake mbuzi anamtazama bila hisia zozote.

Tulipofika Rugezi nilikanyaga kisiwa kwa mara ya kwanza maishani. Nilitarajia kuhisi kitu. Nilihisi tope, maana nilishukia upande wa tope.

*

Nansio ina miembe. Hili nilipaswa kulifikiri kabla sijapokea ule mfuko wa ulezi. Karibu na kila mwembe kuna mama, na asilimia kubwa ya akina mama hao wamewahi kukaanga maandazi. Wa kwanza hakuwa yeye. Wa pili hakuwa yeye, ila alimjua fundi redio, akatuambia amehamia Mwanza. Wa tatu hakuwa yeye, ila alimjua mmoja kati ya watu sita wa salamu zangu, akaitwa, akaja, nikamkabidhi salamu zake, na yeye akanipa za kurudisha, ndefu kuliko zile nilizoleta. Wa nne ndiye aliyekuwa yeye.

Alipouona ulezi wa dada yake, alitushika mikono mmoja mmoja, akatuingiza ndani. Shemeji akaangalia saa. "Mama, tuna haraka kidogo, tunaelekea Ukara..." Mama hakumsikia, alikuwa ameshaweka sufuria jikoni. Humkatalii mtu chakula baada ya kumletea ulezi. Ulikuja ugali wa muhogo, mzito, wenye msimamo kuliko wabunge wengi, na sato wa kuchemsha na ndimu. Baadaye machungwa. Machungwa ya Ukerewe nimeyala Bunda sokoni miaka yote nikijua yanatoka huko, kama ninavyojua kwamba mvua inatoka mawinguni. Sasa nikala chini ya mchungwa wenyewe, maji yakinichuruzika mpaka kiwikoni. Baba Watoto alikula manane bila kusema neno, na kwa kimya chake hicho nilielewa kwamba ameikubali Karibiani.

Nilipotazama saa, ilikuwa saa 8:20. Kwa ratiba, tulikuwa Ukara tayari, tumeshapigwa picha na jiwe.

Tukapanda bodaboda tatu kuelekea Bugolora. Njiani Shangazi alikuwa akiongea na dereva wake Kijita, dereva akimjibu Kikerewe, na wala hakuna aliyepunguza mwendo kumtafutia mwenzake neno, maana lugha hizo ni ndugu. Mimi dereva wangu alikuwa ananipigia kelele juu ya upepo: kule ni Bukindo, kulikuwa na ikulu ya mtemi, kule ni Kagunguli, alikoishi yule mzee aliyeandika kitabu kikubwa.

Hapo nilimshika bega. Aniceti Kitereza! Nilimsikia chuoni. Alimaliza riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe, na hakuna aliyetaka kuichapa. Akaigeuza Kiswahili mwenyewe. Ikatoka Dar es Salaam mwaka 1980, na mwaka uliofuata akafariki. Miaka 35 ya kusubiri. Visiwa vya Karibiani vina Derek Walcott wa St. Lucia, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1992, na nchi yake ikampa uwanja mzima katikati ya mji mkuu. Nilipanga kumweleza shemeji habari hizo, lakini shemeji alikuwa mbele, anamhimiza dereva wake aongeze mwendo. Mtu wa Kagunguli alisubiri miaka 35. Mtu wa Bunda hakuweza kusubiri dakika 35.

Na hata mwendo haukusaidia. Bugolora tulifika, kivuko hakipo.

Ukara ilikuwa pale mbele yetu, mawe yake yanaonekana, unaona kabisa kwamba ungeweza kwenda. Kijana mmoja akatujia akipangusa mikono: ana mtumbwi wa injini, dakika chache tu tumefika, bei ya kirafiki. Shemeji akaanza kukunja suruali.

"Baba," Shangazi akamwuliza yule kijana, "jaketi zipo ngapi?"

"Ipo moja, mama."

"Iko wapi?"

Tukaenda kuiona. Ilikuwa imefungiwa injini, isilowe.

Nilitaka kucheka, kisha nikakumbuka tumesimama wapi. Ni maji haya haya, kati ya Bugolora na Ukara, kilipopinduka kivuko cha MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018, kimejaa kupita uwezo wake, kikiwa kimekaribia kabisa kutia nanga. Wakafa watu zaidi ya 220. Siku hiyo nilikuwa shuleni, tukaambiwa, na nakumbuka kuna mwalimu mwenzetu aliyetoka nje akakaa chini ya mti mpaka jioni. Shemeji naye alikumbuka. Aliishusha suruali yake, mguu mmoja, kisha wa pili.

"Jiwe litacheza siku nyingine," akasema.

Tukakaa ufukweni kidogo, tukaitazama Ukara. Kwa hesabu ya ratiba, kisiwa kimoja na macho.

*

Meli za Karibiani zina sheria moja ambayo shemeji hakuniambia: saa ya kuondoka ikifika zinaondoka, na abiria aliyechelewa sokoni anabaki gatini akiwa na kofia yake na vikapu vyake, anaipungia. Hilo nililijua baadaye. Tulifika Rugezi giza limeingia, gurudumu la bodaboda moja likiwa limepasuka njiani, na kivuko cha mwisho kikiwa kimeshavuka. Taa za Kisorya zilikuwa zinang'aa ng'ambo, karibu mno hata ungedhani ukipiga kelele mtu ataitika. Mbali zaidi majini zilianza kuwaka taa za wavuvi wa dagaa, moja moja, mpaka zikaonekana kama mji.

Tulikuwa na kuku, redio mbovu, salamu za kurudisha, na mtoto anayesinzia. Baba Watoto akaniambia taratibu, "Mwalimu, kisiwa umekipata. Maji yako pande zote."

Huku Mara kuitwa "Mwalimu" ni mzigo siku zote, maana Mwalimu mwenyewe amelala Butiama tangu 1999, na kila ukikosea watu wanakulinganisha naye. Usiku ule nilitamani niitwe jina lolote lingine.

Ndipo ikaja pikipiki, taa yake ikatumulika usoni mmoja baada ya mwingine, ikaishia kwa kuku.

"Ninyi ndio wale wa kuku?"

Tukatazamana.

"Kutoka Bunda," akaendelea. "Mlivuka asubuhi. Pandeni, wafiwa wanawasubiri tangu mchana."

Yule mzee wa baiskeli! Alikuwa amevuka na sisi, akafika, akatoa taarifa kama raia mwema: kuna watu watano wanakuja msibani, wametoka mbali, wana kuku, na wana huzuni kiasi kwamba hawataki hata kusema nani amefariki. Na kweli pale jirani kulikuwa na msiba, mzee mmoja wa miaka mingi, amezikwa juzi. Walikuwa wametuwekea chakula.

Nilifungua kinywa nieleze. Shangazi akanibana mkono. "Sasa tunakwenda kwa mtu," akasema, akapanda.

Aliingia pale uani kama mtu aliyezaliwa pale. Alilia kwa kipimo, akamkabidhi mjane kuku kwa mikono miwili, akakaa mkekani na wanawake wenzake, na baada ya nusu saa alikuwa anaelekeza wapi sufuria kubwa iwekwe. Baba Watoto alipelekwa kwenye moto wa wanaume. Kufika saa 3 alikuwa ameazima nyundo, anakaza miguu ya benchi iliyokuwa inayumba. Shemeji alipewa kazi ya kuchota maji ziwani, ndoo mbili mbili, na huo ndio ulikuwa utalii wake wa ufukweni.

Likaletwa daftari la rambirambi: jina, kiasi, uhusiano. Tukatoa tulichokuwa nacho. Kwenye uhusiano Baba Watoto alishika kalamu muda mrefu, mwishowe akaandika: "Wa ng'ambo."

*

Dhamiri ya mwalimu hailali vizuri kwenye mkeka wa watu. Asubuhi nilimfuata bibi, yule mjane, alikokuwa anaosha vyombo, nikapiga magoti, nikamweleza yote: kwamba hatukumjua marehemu, kwamba kuku hakuwa wake, kwamba tulikuja kutembea tu.

Aliendelea kusugua sufuria.

"Kutembea kuona nini?"

"Kisiwa, bibi."

Akainua kichwa, akatazama huku na huku, kama mtu aliyeambiwa kuna mgeni mlangoni. "Mmekiona?"

Nikashindwa kujibu. Nikajikuta nimeanza, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, kumweleza kwamba kisiwa ni nchi kavu iliyozungukwa na maji pande zote. Bibi akanisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza. Kisha akanyoosha mkono wenye povu.

"Upande ule ni Majita, nilikozaliwa. Ule ni Mwanza, wako wanangu wawili. Kule Ukara ni kwa mkwe wangu. Huku Kisorya ndiko mlikotokea ninyi. Hayo maji unayoyasema yako upande gani?"

Halafu akacheka, akasema kuku alikuwa mtamu na kwamba wa ng'ambo wote ni wake. Akaingia ndani, akatoka na beseni la bluu limejaa machungwa na dagaa wakavu juu yake, akanitwisha. Redio aliichukua, ana mjukuu anayejua.

Tulivuka asubuhi hiyo. Kivukoni mtu mmoja alituuliza tumetoka kwa nani, na binti yangu akajibu kabla ya shemeji: "Kwa bibi."

Jumatatu nilirudia somo la visiwa. Mtoto wa dawati la nyuma aliuliza tena, na safari hii nilimjibu kwa jina la kisiwa na idadi ya machungwa. Maana ya kisiwa sikuibadilisha, kwa sababu Baraza la Mitihani halimjui yule bibi, na sitaki watoto wa watu wakose alama. Ila niliwaambia wakishaandika jibu, wakae nalo kidogo.

Shemeji ameshachapa ratiba nyingine. Ina visiwa vinne. Baba Watoto ameitumia kufungia misumari.

Limebaki jambo moja, na hili nakuomba wewe unayesoma. Beseni la bluu liko hapa kwangu, na beseni la watu halirudishwi tupu wala halirudishwi na mtu mwingine. Tutalipeleka wenyewe likizo ya Desemba, likiwa na ulezi. Lakini kama utavuka Kisorya kabla yetu, ukifika Rugezi ulizia nyumba ya bibi aliyefiwa, mwambie beseni lipo na halijapasuka. Na ukiwa unangoja kivuko, wakakuuliza unaenda kwa nani, usiseme unatalii. Sema umetumwa na wale wa kuku.